Kadi au Godoro

27 Septemba

Jana alasiri radi ilipiga karibu na msikiti, Yaya Iliasi, kaka yangu, akiwa njiani na lori lake la mchezoni. Kioo cha kompyuta kikaingia mistari ya kijani, kisha kikazima. Leo asubuhi tumeiwasha mara tano. Feni inazunguka, kioo cheusi.

Naandika katika daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, kwa kuwa sina wa kumwambia.

28 Septemba

Mvua. Nimeshona kola tatu za sare.

30 Septemba

Kasimu amekuja kuangalia mashine. Yeye hutengeneza simu na redio karibu na soko, na kompyuta zote za Kasongo zinazougua hupita mikononi mwake. Ameifungua juu ya meza yangu ya kushonea, akachomoa kipande kirefu chenye feni ndogo, akakinusa, akaninusisha na mimi. Kilinuka kama nywele zilizoungua. Akasema hiyo ndiyo karte grafike, kadi inayochora picha zote za mchezo, na kwamba imekufa. Mashine yenyewe ni nzima. Bila kadi inaweza kuonyesha maandishi na picha zilizotulia, basi. Aliuwasha mchezo ili tuone. Lori likaenda kama picha za albamu, moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Yaya alitazama kidogo, akageuza uso ukutani.

Kama daftari hili litasomwa na mtu mwingine siku moja, ajue kwamba Yaya ni ndugu yangu mkubwa, ana miaka thelathini na mmoja, na alikuwa motari, mwendesha pikipiki wa njia ya Kabambare. Miaka mitatu iliyopita, kwenye daraja la magogo, pikipiki iliteleza na madumu ya petroli yakamwangukia mgongoni. Tangu kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake. Mama alifariki mwaka uliofuata. Baba ana nyumba nyingine Nyangwe. Tumebaki wawili. Mashine tuliinunua kwa shirika moja lililokuwa likifunga ofisi yake, pamoja na pano mbili za umeme wa jua na batri, na tangu hapo Yaya anaendesha malori makubwa katika nchi ambayo barabara zake hazina hata shimo moja. Mwanzoni niliona aibu watu wakimkuta hivyo, mwanaume mzima na mchezo. Siku hizi nilikuwa nimezoea sauti ya injini wakati nashona.

3 Oktoba

Alhamisi, siku ya Mama Emilienne. Ni muuguzi wa kituo cha afya, na yeye ndiye aliyemfundisha Yaya kuishi baada ya ajali. Waliwekeana sharti: kila anapofikisha mzigo mjini, ndani ya mchezo, ajiinue kwa mikono juu ya kiti mara kumi ili damu ipite kwenye makalio. Yaya hajawahi kuvunja sharti hilo. Kwa miaka miwili hakuwa na kidonda.

Leo hakutaka kuwekwa kitini. Alisema kiti bila barabara ni kiti tu. Mama Emilienne alipomgeuza akakuta wekundu chini ya mgongo, mpana kama kifuniko cha sufuria ndogo. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile mashine ilikuwa dawa kuliko dawa zake, na kwamba nitafute namna.

6 Oktoba

Hervé, motari mwenzake Yaya, amekuja baada ya misa, kama kila Jumapili. Nilimpa kiti nikarudi kwenye cherehani. Safari ile ya ajali ilikuwa yake. Aliugua malaria, Yaya akaichukua ili mteja asipotee. Najua si kosa la mtu kuugua. Lakini kila nikiiona miguu yake inaingia kwa mlango wangu nashindwa kumuuliza habari za nyumbani.

8 Oktoba

Kasimu ana mfanyabiashara wake mjini Baraka, jina lake Ayoubu, anayepata vitu vya kompyuta kutoka ng'ambo ya ziwa. Ametuma picha za kadi tatu.

Ya kwanza ni mpya, ndani ya boksi, ndogo kama kiganja. Itauchora mchezo kwa shida: tutafuta vivuli, tutafuta mvua, tutapunguza magari ya barabarani. Ya pili imetumika, ina kumbukumbu ya giga nne, na inatosheka na umeme unaopita ndani ya mashine yenyewe, haitaki waya wa pembeni. Ya tatu ni kubwa, giga nane, feni mbili, na bei yake ni ileile ya ya pili. Nikauliza kwa nini kubwa iuzwe kama ndogo. Kasimu akasema ilitoka kwenye chumba walichokuwa wakichimbia pesa za mtandaoni, na ilifanya kazi miaka miwili bila kupumzika.

“Kumbe nayo ilichimba sawa watu wa Lusangi kwenye dhahabu,” Yaya akasema.

Ni mara ya kwanza anatania tangu radi. Anataka ya tatu, bila shaka.

11 Oktoba

Amekubali kukaa kitini ili aone picha vizuri kwenye simu yangu. Anasema mtu akishalipa, alipie kitu kitakachodumu na michezo ijayo. Mimi nasema michezo ijayo itakuja na mwenye pesa zake.

12 Oktoba

Nimekwenda kwa Kasimu na daftari hili. Nimemwomba anifundishe umeme kama anavyomfundisha mwanagenzi. Kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine yetu kina uwezo wa wati mia tatu, na hizo ni za karatasini, kimezeeka. Kadi kubwa peke yake inataka karibu mia mbili. Ya pili inataka sabini na tano. Nikauliza na batri je, wakati huu wa mawingu. Kasimu akakuna kidevu, akasema kwa kadi kubwa Yaya ataendesha dakika ishirini, kisha mashine izime yenyewe. Kwa ya pili, saa moja, pengine zaidi jua likitoka.

Nilirudi na hesabu yangu ya kalamu ya risasi. Yaya aliisoma mara mbili, akasema nimekosea kuzidisha. Nilikuwa nimekosea kweli. Tulirudia pamoja. Jibu halikubadilika sana.

15 Oktoba

Bado tunabishana. Amesoma habari za kadi zote tatu mpaka salio la mtandao likaisha. Leo ameeleza kazi ya zile feni mbili kwa mteja wangu aliyekuja kupimwa nguo yake ya kikwembe ya Noeli, na yule mama akasikiliza mpaka mwisho.

17 Oktoba

Mama Emilienne anasema wekundu haujapanuka. Alituacha tunabishana, akatoka anacheka.

21 Oktoba

Tumekubaliana. Amenyanyua mikono yote miwili akasema ya pili, kwamba ameshindwa na fundi wa nguo. Kisha akajiinua kitini mara kumi, bila mzigo wowote kufika mahali popote.

Naandika hili kwa sababu nimefurahi. Alhamisi nitapeleka pesa kwa Kasimu.

24 Oktoba

Pesa sijapeleka. Mama Emilienne alikuja leo asubuhi, akabandua kitambaa. Ngozi imefunguka. Aliingiza kijiti chenye pamba ili kupima, na kijiti kikaingia, kikaendelea kuingia. Juu ni tundu dogo kama la kifungo. Chini yake ni pango. Alisema vidonda vya namna hii huanza karibu na mfupa na kupanda, hivyo macho huviona vimechelewa. Wakati sisi tunashangilia kwamba wekundu hautembei, ulikuwa unatembea kwa ndani.

Tulitoka nje. Akaniambia Kindu kuna godoro la hospitali, zito, la mpira wenye mashimo, linalobeba mwili wa mgonjwa bila kumkandamiza mahali pamoja. Mwenye nalo alifiwa na mumewe na anataka kuliuza. Bei yake ni dola mia moja na ishirini. Nina mia moja thelathini, za sare za mwezi wa tisa, na kadi na usafiri wake ni tisini. Alijua tunataka kununua kadi. Hakuniambia nichague nini. Aliniambia tu nimjibu kabla ya Jumapili.

25 Oktoba

Nilimweleza Yaya yote baada ya sala ya Ijumaa. Nilidhani atapigania kadi na nilikuwa nimejiandaa kumkatalia, au kumkubalia, sijui. Alikuwa amelala ubavu, anatazama ukuta. Akasema:

“Nunua godoro, Asma. Mi nitalala tu.”

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Alasiri hakula, jioni hakula. Nilipoleta maji ya kuoga alijiacha kama nguo iliyolowa, mkono ukaanguka ukabaki pale ulipoanguka.

Nimelifikiria lile neno, tu. Nitalala tu. Nimemwona mama yangu akilala tu, akageuka ukutani kwa miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kubishana naye ili aamke.

26 Oktoba

Nimepeleka pesa kwa Kasimu. Kadi ya pili.

Yaya nimemwambia godoro lilishanunuliwa na mtu wa Kindu kabla yetu. Mama Emilienne nimemwambia Yaya amelikataa, anataka kadi yake. Ni mambo mawili ya uongo kwa watu wawili, kabla ya saa sita mchana. Mama Emilienne akasema mgonjwa ana haki yake.

28 Oktoba

Yaya ameuliza kadi itafika lini.

2 Novemba

Kadi imefika Kabambare, kwenye duka la ndugu yake Ayoubu, na imekaa hapo. Mvua haikatiki. Motari waliokuwa wakipita wameacha. Kasimu anasema tungoje wiki mbili.

Kidonda kinatoa maji yenye harufu. Nafunga mara mbili kwa siku.

3 Novemba

Jumapili. Hervé alisikia habari ya kadi kutoka kwa Yaya. Akasimama, akasema atakwenda Kabambare kesho. Nilimwambia barabara imekufa. Akasema anaijua. Nikamwambia hakuna anayemdai. Hapo akanitazama, akasema kwa upole kwamba hilo mimi na yeye tunalijua tofauti.

4 Novemba

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi.

6 Novemba

Mvua. Hervé kimya.

7 Novemba

Mvua. Mama Emilienne amekata nyama iliyokufa kwa mkasi. Yaya hasikii maumivu hapo, alikuwa anamuuliza habari za watoto wake. Mimi ndiye niliyetoka nje.

9 Novemba

Mvua. Kimya.

11 Novemba

Mke wa Hervé, Chimène, amekuja kuuliza kama nimepata habari. Sikuwa nazo. Alikaa kwenye kiti cha wateja na mwanawe mgongoni, na hakunilaumu kwa neno lolote. Ningependa angenilaumu. Nilimwona kama nilivyokuwa mimi miaka mitatu iliyopita, nikingoja mlangoni. Nikajua pia jinsi inavyokuwa kuwa mtu ambaye safari imefanywa kwa ajili yake.

14 Novemba

Hervé amerudi! Kwa miguu, saa tisa alasiri, matope mpaka kifuani. Pikipiki ameiacha kijijini upande wa pili wa daraja lililochukuliwa na maji. Alingoja siku tano maji yapungue, hayakupungua, akavushwa kwa kamba na vijana wa pale. Kadi aliifunga ndani ya mifuko minne ya nailoni, akaivaa tumboni chini ya shati.

Nilimpashia maji moto. Nilimwosha miguu, na alikataa, na nilimwosha. Vidole viwili havikuwa na kucha. Kisha nikamwomba msamaha kwa Jumapili zote, akasema Jumapili gani.

15 Novemba

Kasimu ameiweka kadi. Mashine ikawaka, kioo kikawaka, na lori likatoka mjini bila kukwama, na vivuli vya miti vikapita juu ya kioo chake cha mbele kimoja baada ya kingine. Kasimu alipiga makofi. Nilimtazama Yaya. Alikuwa analia na vidole vinaendesha.

Ila hawezi kukaa. Kidonda kimekuwa pale pale anapokalia. Mama Emilienne alikuwa amesema alale kifudifudi saa nyingi iwezekanavyo, naye alikuwa anakataa, anasema anaonekana kama maiti ya mtu aliyetoka mtoni. Hervé ndiye aliyepata njia. Alishusha kioo kwenye kigoda, akaweka mito miwili chini ya kifua cha Yaya, na vibonye chini ya mikono yake. Yaya akaendesha kifudifudi, kidevu juu ya mto, dakika arobaini na tano, mpaka batri ikaisha. Hakuomba kugeuzwa.

Nilisema moyoni kwamba nilichagua vizuri. Naliandika hili pia.

17 Novemba

Dakika thelathini. Mawingu.

18 Novemba

Dakika hamsini.

20 Novemba

Hakukuwa na jua kabisa. Alilala kifudifudi hata hivyo, akingoja.

21 Novemba

Mama Emilienne anasema kingo za kidonda zina rangi nzuri kidogo. Alisema kidogo mara mbili.

23 Novemba

Saa nzima. Amefikisha mzigo wa mbao mjini. Alitaka kujiinua mara kumi, kwa mazoea, akakumbuka.

26 Novemba

Dakika ishirini, kisha akasema macho yanamchoka. Nilipogusa shingo yake ilikuwa moto.

28 Novemba

Homa. Mama Emilienne ameingiza kijiti na kimegonga kitu kigumu. Alikichomoa polepole, akanitazama mimi, si Yaya. Ni mfupa.

29 Novemba

Tumempeleka hospitali juu ya machela, Hervé na Kasimu mbele, mimi na Chimène nyuma, mashuka juu yake kwa ajili ya mvua. Dawa ipo ya siku nne. Daktari anasema sumu imeshaingia katika damu na kwamba mgonjwa wa namna hii hufanyiwa upasuaji Kindu, au mbali zaidi. Nikauliza atafikaje Kindu. Akasema swali hilo wanaulizwa na kila mtu msimu huu.

30 Novemba

Nimeomba ruhusa ya kuleta mashine wodini. Wamekataa, umeme ni wa chumba cha upasuaji. Nilipomwambia, Yaya akatikisa kichwa kwamba haidhuru.

1 Desemba

Dawa haishushi homa.

2 Desemba

Leo alikuwa na akili yake yote kwa muda, asubuhi. Aliniuliza kama nimeshamaliza nguo za Noeli za wateja, akaniambia nisichelewe kwa ajili yake. Kisha akasema mzigo ule wa mwisho wa mchezoni, wa barabara ya mlimani, hakuufikisha. Nikamwambia nitamfikishia. Akasema hapana, nitagonga. Alicheka kidogo, midomo imekauka. Nilitaka kumwambia habari ya godoro wakati ule. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji, nikamnywesha, na neno nikaliacha.

4 Desemba

Iliasi amefariki saa tatu asubuhi. Tumemzika kabla ya alasiri. Mvua ilisimama kwa ajili ya kuchimba kaburi, ikaanza tena.

7 Desemba

Baba amekuja kutoka Nyangwe pamoja na shangazi Aziza na shangazi Djamila. Nyumba imejaa. Wanawake wanakaa juu ya mikeka karibu na meza ambayo juu yake mashine imefunikwa kitambaa. Shangazi Aziza alikuwa anawasimulia waliokuja jinsi marehemu alivyoletewa godoro la hospitali akalikataa kwa ajili ya mchezo wake, na jinsi mdogo wake alivyovumilia ukaidi wake mpaka mwisho. Sijui nani alimwambia. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Emilienne, na habari hutembea. Mwanamke mmoja alinishika mkono akasema Mungu atanilipa.

Nilimjazia kikombe. Nilikuwa nagawa chai.

8 Desemba

Wamelisimulia tena.

10 Desemba

Baba amerudi Nyangwe. Aliniuliza mashine itauzwa lini. Hervé alikuwepo, akamwambia kwamba watu hawaulizi hivyo mapema. Nilimshukuru baada ya Baba kutoka. Nilitaka kumwambia na yeye ukweli wa godoro, yeye aliyepoteza kucha zake kwa kadi ile. Nikaona nikimwambia nitamnyang'anya safari yake.

13 Desemba

Nimeshona nguo mbili za Noeli. Mikono inajua kazi peke yake.

19 Desemba

Alhamisi. Sikuwa na mgonjwa, kwa hiyo nilikwenda mimi kituoni. Mama Emilienne alikuwa anachemsha vyombo vyake. Nilisimama karibu na jiko la mkaa, nikamwambia yote kwa mpangilio: kwamba Iliasi alisema ninunue godoro, kwamba alisema mara mbili, kwamba nilimdanganya yeye na nilimdanganya Iliasi siku ileile, na kwamba mtu aliyechagua kadi ni mimi.

Aliendelea kutoa vyombo kwenye maji kimoja kimoja, akivipanga juu ya kitambaa. Nikamuuliza kama godoro lingemwokoa.

“Sitakudanganya,” akasema. “Kumponya, hapana. Lakini lingesaidia. Miezi. Labda mwaka.”

Nikamuuliza, kwa kuwa ilibidi nijue, kama kweli mtu mwingine alilinunua baadaye. Akafunga kitambaa juu ya vyombo.

“Iko bado kule Kindu,” akasema. “Niliuliza wiki iliyopita.”

Kisha akaniletea kiti, na akaketi pembeni yangu mpaka wagonjwa wa alasiri walipoanza kufika. Kuna wakati nilitaka aseme kwamba siku zile Iliasi aliishi. Hakusema, na mimi sikuwa na haki ya kumwomba.

Nimerudi nyumbani na nimeyaandika kama yalivyosemwa. Mashangazi watarudi kwa arobaini, katikati ya Januari. Watakaa juu ya mikeka, chai itapita, na shangazi Aziza ataanza tena kusimulia jinsi Iliasi alivyokuwa mkaidi. Nitaweka birika chini. Nitawaambia ilikuwa mimi.